Sauti Kwenye Rafu za Chini

Haya yalimpata shemeji yangu Damaris, na anayebisha aende Doha akalitazame bega lake. Mimi nimelinda maghala ya watu peke yangu miaka mingi na sijawahi kukimbia, lakini hili nikilisimulia huwa nimeegemea ukuta.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida, mwaka 2014, jua la Agosti likichoma lami ya Abu Hamour, mtaa anaokaa huko Doha. Damaris alipanda basi mchana akaenda chuoni. Alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika elimu, akichunguza watoto wanaomaliza darasa la tatu bila kujua kusoma. Msimamizi wake, Dkt. Nasimiyu, alitaka sura ya pili Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi huko. Akichelewa, anaondolewa kwenye programu.

Maktaba ilimpa mkutubi wa kumsaidia, Augustine wa Kakamega. Ndiye aliyemfundisha kuchimbua majarida, ndiye aliyemwagizia tasnifu kutoka vyuo vya mbali. Ilibaki tasnifu moja ya zamani, iliyokuwa katika ghala la chini, kwenye rafu za chuma zinazotembea juu ya reli. Unazungusha gurudumu, zinaachana, unaingia. Sheria ni kuchungulia kila kichochoro kwa macho kabla ya kufunga. Hawa wawili walishazoeana. Waliitana tu kwa Kiswahili, basi, bila kuchungulia.

"Daktari wetu, usilale huko."

"Ngoja nikuwe daktari kwanza, utaniita na adabu."

Damaris akaingia kichochoroni, akapiga magoti. Tasnifu ilikuwa chini kabisa.

"Damaris, umetoka?" Augustine aliita.

Akafungua mdomo aseme bado. Sauti ikamtangulia. Ilitoka nje, kwenye gurudumu, nyuma ya Augustine. Sauti yake mwenyewe.

"Nimetoka kitambo. Funga."

Rafu zikatembea. Damaris akasimama, akapiga chuma, akapiga kelele, mngurumo wa reli ukazimeza. Chuma kikamfika kifuani. Pumzi ikakatika, kelele nazo. Bega likavunjika. Mbavu zikafuata. Damu ikamjaa mdomoni.

"Mbona imekwama?"

"Vitabu vimejitokeza," ile sauti ikanong'ona. "Weka nguvu."

Augustine akaweka nguvu.

Alisimama tu alipoona damu ikitiririka chini ya rafu, ikilowesha viatu vyake. Akageuka amuulize Damaris. Hapakuwa na mtu.

Walipomtoa alikuwa bado anapumua, kwa shida. Augustine akafungua na kichochoro cha pili, safari hii akichungulia kwa macho. Mle namo damu ilikuwa mbichi. Juu ya reli ulilala msuko wa nywele, ngozi ya kichwa imeushika. Hospitalini wakampapasa Damaris kichwa chote. Hakuna msuko uliong'oka.

Jumapili jioni akazinduka kutoka usingizi wa dawa, akalia kwamba muda wa kupeleka sura yake umempita. Muuguzi akamshikia simu asome. Kulikuwa na ujumbe wa Dkt. Nasimiyu, wa saa mbili asubuhi ya siku hiyo.

"Asante kwa kuileta mwenyewe mapema, Damaris. Nimeshaanza kuisoma, ni nzuri. Ila nenda hospitali mama, hiyo damu ya kichwani imelowesha kiti changu chote."