Baiskeli ya Baba Iliyonyamaza

Kila asubuhi Baba alikuwa akifuta keria ya baiskeli kwa kitambaa, kisha anamsubiri binti yake apande. Shule ilikuwa njiani, kabla ya kufika kwenye mashine ya kusaga nafaka alikofanya kazi. Binti alikuwa darasa la sita. Nyumbani walimwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake ukishaanza kazi haukusimama mpaka uzi uishe. Njia nzima alisimulia: nani kasahau daftari, nani kachekesha mwalimu. Baba alikanyaga pedeli na kuitikia, "Ehe," au, "Kumbe." Wakifika kwenye mteremko aliacha kukanyaga, baiskeli ikashuka yenyewe, na gurudumu la nyuma likalia tik-tik-tik-tik mpaka getini.

Muhula ule "ehe" za Baba zilianza kupungua. Jioni alirudi nyusi zikiwa nyeupe kwa unga, akajitupa kitini na kutazama ukuta. Cherehani alipomwuliza jambo, hakujibu. Alipouliza tena, Baba alijibu kwa sauti kubwa kama mtu anayegomba, na mtoto mchanga aliyekuwa amelala akashtuka na kulia.

"Mwache baba yako," Mama alisema huku akimbembeleza mtoto. "Amechoka."

Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Mama alishinda akifua nguo za watu, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni. Kwa hiyo neno hilo lilitosha kueleza kila kitu. Baba akiongeza sauti ya redio mpaka majirani wafunge madirisha, amechoka. Akiitwa chakula kimeiva na asigeuke, amechoka.

Asubuhi moja, wakishuka ule mteremko, Baba aligeuza shingo kidogo.

"Unasikia? Baiskeli imenyamaza."

Cherehani akasikiliza. Tik-tik-tik-tik. Sauti ilikuwa palepale, kali kama siku zote. Alitaka kusema hivyo, akakumbuka alivyojibiwa kwa ukali jana yake. Hakuwa na nguvu za kubishana na mtu mzima asubuhi asubuhi.

"Ndiyo, Baba," akamjibu karibu na sikio lake. "Imenyamaza."

"Ni grisi. Fundi aliweka nyingi mno."

Siku chache baadaye walikuwa barabarani, Baba akiendesha katikati, Cherehani amekaa nyuma na mkoba mapajani. Lori likatokea nyuma yao. Likapiga honi. Baba hakusogea. Likapiga tena, kwa muda mrefu, na Cherehani akaanza kuvuta shati la Baba. Honi ya mwisho ililia karibu sana hata akaisikia kifuani. Alivuta shati kwa mikono miwili. Baba akayumba, baiskeli ikaingia mtaroni, na lori likapita likiwamwagia vumbi.

Hawakuumia sana. Cherehani alichubuka goti. Baba alisimama, akampangusa binti yake vumbi usoni kwa kiganja.

"Dereva gani huyu?" alisema. "Hapigi hata honi."

Cherehani alimwangalia. Alidhani Baba anatania, lakini macho yake hayakuwa na utani.  Siku nzima darasani hakumwelewa mwalimu.

Jumamosi Baba alitoka kazini mapema, akampitia Cherehani wakaenda kwa fundi wa baiskeli. Fundi huyo alikuwa mfupi, wa mviringo, mwepesi wa kuzunguka huku na huku, na mtaa mzima ulimwita Gololi. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Alisema gololi ndizo zinazofanya gurudumu lizunguke, waliobaki ni abiria.

"Tatizo nini?" aliuliza.

"Kitovu cha gurudumu la nyuma," Baba alisema kwa sauti iliyojaa kibanda. "Kimenyamaza. Naogopa kisije kikaniachia nikiwa nimembeba mtoto."

"Kikinyamaza kuna ubaya gani?" Cherehani aliuliza.

Fundi Gololi alikuwa tayari anafungua nati. "Humu ndani kuna vikucha vidogo vyenye springi," alimjibu. "Baba yako asipokanyaga, vinarukaruka juu ya meno ya chuma. Ndiyo hiyo tik-tik. Grisi ikikauka, vinapiga kelele zaidi. Ikizidi, sauti inafifia, na hapo hakuna la kuogopa sana. Lakini uchafu ukivigandisha, havishiki tena. Unakanyaga, pedeli inazunguka bure, na wewe unajikuta chini."

Alikifungua kitovu, akavigusa vikucha kimoja kimoja kwa ncha ya bisibisi. Vyote viliruka vizuri. Grisi ilikuwa safi, wala haikuzidi. Akakifunga, akaigeuza baiskeli miguu juu, akalizungusha gurudumu.

Tik-tik-tik-tik, sauti ikajaa kibandani.

Baba aliinama karibu nalo. "Umeona?" alisema. "Kimya."

Fundi Gololi hakucheka. Alimtazama Cherehani, kisha akazunguka taratibu mpaka nyuma ya Baba.

"Rafiki yangu," alisema kwa sauti ya kawaida, "umeangusha funguo."

Baba aliendelea kulitazama gurudumu.

"Wewe unaisikia baiskeli?" Fundi alimwuliza Cherehani.

"Naisikia."

"Tangu lini?"

"Siku zote. Haijawahi kunyamaza." Uso wake uliwaka kwa aibu. "Nilimwambia imenyamaza ili tusibishane. Na lori lilipiga honi. Yeye hakusikia."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Cherehani alisimama mbele ya Baba, akamtazama usoni, akayasema yote polepole. Baba alimsikiliza akiangalia midomo yake. Alipomaliza, Baba alikaa juu ya rundo la matairi chakavu, akaishika kofia yake mikononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Tulidhani umechoka, Baba."

Baba aliitikia kwa kichwa. Fundi Gololi akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake.

Jumatatu familia yote ilikwenda zahanati. Muuguzi alimulika masikio ya Baba kwa taa ndogo, moja baada ya jingine.

"Unasafishia nini masikio haya?"

"Njiti ya kiberiti," Baba alisema.

"Basi umekuwa ukishindilia." Alitoa nta ngumu iliyochanganyika na unga, kwa dawa ya matone na baadaye maji ya vuguvugu. Ilibidi warudi mara kadhaa. Siku ya mwisho mtu alipokohoa mlangoni, Baba aligeuka, na Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Lakini Muuguzi hakuwaficha. "Nta nimeitoa. Hata hivyo, ile kelele ya mashine imeharibu kitu ndani kabisa, na hicho hakiponi. Sikio la kushoto litabaki zito. Kilichobaki tukilinde. Ukiwa kazini vaa vizuia kelele, na kitambaa puani kwa ajili ya unga. Njiti usiingize tena. Na wewe binti, usije ukaiga."

Kumfanya mwenye mashine anunue vizuia kelele haikuwa rahisi. Baba alimweleza.

"Unasemaje?" mwenye mashine aliuliza.

Baba akarudia.

"Sema kwa sauti, bwana."

Baba hakuongeza sauti. Alisimama tu akimtazama, mpaka wasagaji wengine wakaanza kutazamana. Mwenye mashine naye akaelewa, akashika sikio lake. Mwisho wa wiki kila msagaji alikuwa na vizuia kelele vyake, na yeye pia.

Jioni hiyo Mama aliketi mlangoni, miguu ameinyoosha, mtoto amelala kifuani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasema umechoka," alimwambia Baba. "Kila siku. Ilikuwa rahisi kuliko kuuliza."

"Na mimi ilikuwa rahisi kuisingizia baiskeli," Baba alisema. Alimgeukia Cherehani. "Sikiliza, mama. Mtu akibadilika nyumbani humu, tuulizane, hata kama wote tumechoka. Na nikikuuliza jambo, niambie lililopo. Usinikubalie kwa uongo. Siku ile ya lori, uongo huo ungetuua wote wawili."

"Sitarudia, Baba."

"Haya. Hamia upande huu."

Cherehani aliburuta kigoda chake mpaka upande wa kulia wa Baba, uliokuwa na sikio zima, akaketi. Baba aliinamisha kichwa kidogo, akafumba macho kwa uchovu.

"Sasa niambie," alisema. "Leo shuleni mlifanya nini?"