Mkaa Wenye Tundu

Bi Shaikha walimkuta kwenye zulia, tasbihi mkononi, mashavu mekundu kama aliyepakwa rangi. Juu yake zilining'inia nguo za arusi ya mjukuu wake. Ubavuni, seredani, jiko dogo la mkaa.

Ilikuwa Januari 2004, wiki ya mvua. Baridi ilikuwa imewatolesha watu wa Ruwi, mji wa Waarabu, sweta za sandukuni. Nyumba ilijaa wageni wa arusi ya Alkhamisi, na kila shangazi ana lake la kunong'ona, ila jina walilonong'ona lilikuwa moja: Benedikta, mtumishi kutoka Bukoba. Si yeye aliyewasha mkaa?

Benedikta alikaa jikoni. Alikwisha kusikia habari za wasichana waliopelekwa kituoni hivi hivi, miaka ikapita bila ya barua.

Inspekta Msellem akaingia na daftari lake. Daktari wa polisi alikuwa ameshasema: hewa ya sumu ya mkaa, katika chumba kilichofungwa.

"Ulimuwashia saa ngapi?"

"Saa mbili, afande. Uani kwanza, mpaka moshi ukaisha. Ndiyo nikamwingizia."

"Na dirisha?"

"Niliacha wazi kiganja kizima. Bibi mwenyewe hataki lifungwe."

"Basi nani kalifunga?"

"Sijui. Bi Bakhita alinituma kwa fundi cherehani. Kurudi saa nane, dirisha limefungwa na bibi yuko vile."

Bakhita, binti wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia inspekta asijisumbue, wasichana wa kazi wa siku hizi hawana akili.

Msellem akauliza mkaa ulichaguliwa vipi. Benedikta akaeleza kuwa bibi alichagua mwenyewe kipande kwa kipande, akikigonga kwa kucha. Kinacholia kama kigae anakichukua, kinachochafua vidole anakitupa. Na mkaa wake ukiwashwa asubuhi, adhuhuri ni majivu matupu.

"Mimi nimefika saa tisa, seredani bado ya moto."

Msellem akafunua leso juu ya meza. Ndani, kipande cha mkaa alichokitoa seredanini, cheusi, kilichonyooka, kina tundu katikati.

"Huu si wetu," Benedikta alisema. "Ni wa maranda ya mbao, wanayashindilia kwa mashine. Unakaa na moto kutwa. Bibi hakutaka hata kuuona."

"Boksi la mkaa huu nnalo, limetoka chumbani kwako, Bi Bakhita. Na nyuma ya kabati la marehemu pana taulo lililokunjwa kama kamba. Linanukia udi."

Bakhita akateremka taratibu mpaka sakafuni.

"Nilitaka nguo za mwanangu zishike udi. Nikafunga dirisha, nikaziba upenyo wake kwa taulo, nikaongeza mkaa huu, nikatia udi. Mama akakubali, akaniambia nisikawie kurudi kufungua. Nikashuka kwa wageni, nikasahau."

"Ukakumbuka lini?"

"Saa saba. Keshakufa. Nikachomoa taulo, nikalificha, nikatoka."

"Ukamwacha huyu aje kumkuta."

Bakhita hakumtazama Benedikta.

"Watu mia nne nimewaalika. Niwaambie nimemuua mama yangu kwa kufukiza nguo? Yeye hapa hana wa kumuulizia."

Msellem akanyoosha mkono, akadai paspoti ya msichana. Bakhita akaitoa mkobani mwake.

Benedikta akaipokea kwa mikono miwili.