Mdomo wa Kimenyi

"Batu yangu, musiogope kutupatia huyu binti!" mume wangu alisema kwenye maikrofoni. "Sisi tunajua kuvumilia. Mi mwenyewe niko na ule mutini wa Luka kwa nyumba yangu, ule wenye hauzai. Mwenye shamba alitaka kuukata, mi nikamuambia apana, uniachie mwaka ingine moja, nitalima, nitatia mbolea. Donc, niko natia mbolea, batu yangu, natia mbolea!"

Watu walivunjika mbavu. Wazee wa upande wa msichana walipiga makofi, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanigonga goti.

"Yewe! Bwana yako huyu atatuua!"

Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana, nimevaa mushanana wangu wa bluu, vazi letu la sherehe, na tumbo bado linauma. Mimba yetu ya tatu ilikuwa imetoka hata mwezi haujaisha.

Mimi ni Gatesi. Nilikulia Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa msichana mkubwa, wao wakajenga Mahoko. Kimenyi ni mtu wa hapa hapa Gisenyi. Katikati ya wiki anauza simu na chaja karibu na mpaka. Jumamosi ni msemaji wa gusaba, siku ile upande wa kijana unapokwenda kumuomba msichana kwa wazazi wake, na wasemaji wa pande mbili wanashindana kwa maneno mbele ya wageni wote. Wilaya nzima ya Rubavu hakuna aliyewahi kumshinda. Biblia anayo kichwani, na kila mstari kwake ni kichekesho.

Tulipofika nyumbani jioni ile nilianza kukunja nguo.

"Sheri, unaenda wapi?"

"Mahoko, kwa baba."

"Kuko mugonjwa?"

"Mgonjwa ni mimi."

"Aah, ile maneno ya mutini? Ile ilikuwa muchezo, Gatesi! Hata we ulicheka."

"Nilicheka, ndiyo. Tangu unioe nacheka. Unanisema mbele ya watu, nacheka. Unanisema kanisani, nacheka. Leo nimechoka."

"Bon, sikia. Hata Sara alicheka, kisha akazaa!"

Nilimtazama. Nadhani na yeye alijisikia, maana alishusha macho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilichukua begi langu nikatoka.

Meseji zake zilinifuata mpaka Mahoko. "Adamu anatafuta ubavu wake. Kama umeuona huko sokoni, uurudishe." Watoto wa kaka yangu walizisoma, wakajigaragaza chini kwa kucheka. Mimi nilimjibu mara moja tu: "Biblia unaijua kuliko mchungaji. Lakini sijakuona ukifanya hata mstari mmoja."

Kwetu, mke akirudi kwa wazazi namna hiyo, mume hamfuati kumvuta mkono. Anakuja na watu wake na vinywaji, anakaa mbele ya wazee, anasema kosa lake, halafu mke anaulizwa kama anakubali kurudi. Kimenyi alikuja na Latif, jirani yetu fundi cherehani, wamebeba kreti za soda. Baba yangu, Mzee Karenzi, hakuwa amesikia habari ya mtini. Nilikuwa nimeona aibu kumwambia. Kimenyi alimsalimia, akaanza visa vyake vya mpakani, na baba alicheka mpaka akafuta machozi.

"Gatesi, funga mzigo," baba akasema. "Mume kama huyu unamwachaje?"

"Baba, umecheka. Lakini umemsikia akisema kosa lake ni nini?"

Baba akamgeukia.

"Haya, mkwe wangu. Kosa lako ni nini?"

"Muzee, kosa yangu ni moja tu. Nilioa bibi muzuri, nikasahau kumufungia na kufuli!"

Wakacheka tena wote, isipokuwa Shangazi Vestine. Huyu ni dada wa baba, anaongoza kina mama wa maombi, na akikutazama unakumbuka dhambi zako za utotoni.

"Kimenyi," akaita. "Yakobo, sura ya kwanza, mstari wa kumi na tisa."

Kimenyi alisimama, akatengeneza koti, akatoa ile sauti yake ya Jumamosi.

"Kila mutu awe mwepesi kusikia, asiwe na haraka ya kusema, wala haraka ya kukasirika!"

"Amina. Umesema vizuri sana. Hiyo umeisema kwenye harusi ngapi?"

"Ni mingi, Tantine."

"Na nyumbani kwako umeifanya lini?"

Kimenyi aliachia koti, akakaa chini. 

"Rudisha soda zako," Shangazi akasema. "Humu umekuja kusema. Siku utakayokuja kusikia, mlango utaukuta wazi."

Baada ya hapo meseji zikakoma. Nikajiambia, haya, ndiyo imekwisha, atatafuta mtini mwingine unaozaa. Nililia siku hizo, jamani, sitaki kudanganya. Nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililokuwa linaniumiza kuliko yote.

Halafu Latif akapiga simu.

"Dada Gatesi, salama? Niko nauliza, bwana yako iko na ugonjwa gani?"

"Kwani ana nini?"

"Batu wa Nyundo walikuja kumuita kwa gusaba yao, akakataa. Mi nikamuambia, we Kimenyi, bale batu iko wanakupenda! Ananiambia, 'Latif, mudomo yangu iko hospitali.' Mi nikacheka. Halafu akashika mudomo na mukono ivi, akasema, 'Unaona? Hata ile nimeifanya muchezo.' Akakaa chini, Dada. Iko nasikitika kabisa."

"Amekutuma unipigie?"

"Wallahi hajui. Akijua atanikasirikia. Lakini we ni muke yake, nikaona ujue."

Siku iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba namenya viazi, nikaona kivuli cha mtu. Ni Kimenyi, peke yake, bila koti. Hakuwa na soda wala msindikizaji. Alivuta kigoda, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya.

"Nimekuja kusikia," akasema.

"Kusikia nini?"

"Yenye utasema."

Tulimenya. Nilitaka nimfukuze, nikashindwa. Viazi vilipofika nusu ya beseni, maneno yakanitoka yenyewe.

"Siku ile hospitali, mimba ya tatu. Ulinikuta nimegeukia ukuta. Unakumbuka ulisema nini?"

"Nakumbuka."

"Yaseme."

Aliweka kisu chini.

"Nilisema Ayubu alipoteza batoto kumi, sisi tuko bado na nafasi."

"Manesi walicheka. Wewe ukaona umenisaidia. Mimi nilikuwa nataka ukae pale kitandani ulie na mimi, Kimenyi. Basi. Nililia peke yangu, na ulipoingia nikafuta machozi ili nicheke na wengine."

Nikaona pembe ya mdomo wake inapanda. Naijua hiyo. Pembe ikipanda, kichekesho kiko njiani. Niliacha kumenya nikamtazama. Yeye akauma mdomo, akameza kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Endelea," akasema.

Niliendelea. Nilimwambia mambo ambayo hata Shangazi sikuwahi kumwambia. Nilimwambia ninavyopita mbali na duka la nguo za watoto pale mjini, na ninavyochukia Jumamosi. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alipoinuka kuondoka, nilimuuliza:

"Na wewe huna la kusema?"

"Bado sijamaliza kusikia. Nitarudi."

Na alirudi, tena na tena. Msidhani ilikuwa rahisi. Siku moja Shangazi alipita na kikapu cha kabichi, na Kimenyi akaropoka, "Aah, Tantine amebeba vichwa vya wakwe zake!" Watoto wakacheka. Mimi niliinuka, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Alibaki nje ya ule mlango muda mrefu.

"Gatesi, unisamehe. Imenitoroka."

"Zinakutoroka kila siku."

"Najua. Naomba Mungu aniwekee mulinzi kwa mudomo. Kuko siku mulinzi analala."

Hapo nilifungua mlango, kwa sababu safari hii hakuwa anachekesha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini, Kimenyi? Nieleze tu. Kwa nini kila kitu lazima kiwe mchezo?"

Alikaa kwenye ngazi.

"Kwetu papa alikuwa akikasirika anapiga mama. Mi nilikuwa mutoto mudogo. Siku moja nilifanya muchezo, papa akacheka, akasahau kupiga. Nikajua ni ivi. Batu wakicheka, hakuna mwenye atalia. Tangu ile siku sijaacha." Akanitazama. "Siku ya hospitali niliogopa, Gatesi. Nilikuona unalia, nikaogopa sana."

Nilikaa karibu naye. Hatukushikana mikono. Lakini nilikaa.

Ndipo baba akakubali apokelewe tena rasmi. Habari zilizagaa, mnajua mambo ya Mahoko. Msemaji anakuja kumchukua mkewe! Wajomba walifika na wake zao, majirani wakaleta viti vyao wenyewe, kila mtu amejiandaa kucheka. Kimenyi alikuja na Latif tu, tena Latif amevaa suti ya mteja ambaye hajaja kuichukua.

Mjomba mmoja akapaza sauti:

"Msemaji! Maikrofoni hatuna, lakini masikio tunayo. Tuchangamshe!"

Kimenyi alisimama. 

"Leo sina muchezo," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ndio ameanza. Akasubiri mpaka wakamaliza.

"Bazee wangu, kuko siku nilisimama kwa gusaba ya batu, nikasema bibi yangu ni muti wenye hauzai. Batu wakacheka. Gatesi alikuwa pale."

Baba aligeuka kunitazama. Sikuweza kumtazama.

"Nilisema uongo," Kimenyi akaendelea, na sauti ikaanza kumkatika. "Gatesi amebeba mimba mara tatu. Batoto yangu batatu wamekufa. Yeye alizaa uchungu yote peke yake. Mi ndio sikulia hata mumoja. Nimeshaenda kwa ile familia ya gusaba, nikawaambia ivi ivi, sababu walisikia ile uongo. Leo naambia nyinyi. Na we, Gatesi, mbele yao wote. Nilitumia Neno ya Mungu kuchekesha batu juu yako. Unisamehe."

Akakaa. Kisha mume wangu, mwanaume mzima, akaweka uso kwenye mikono akalia kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Baba alivua kofia yake. Latif alikuwa anafuta macho kwa mkono wa suti ya watu.

"Gatesi," baba akasema polepole. "Umemsikia. Unasema nini?"

Watu wote wakanigeukia, na nikauhisi uso wangu unaanza kutabasamu. Ni mazoea tu. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nawaondolea watu aibu kwa kicheko changu. Nikauzuia. Nikaacha machozi yatoke, mbele ya wajomba na majirani na viti vyao. Mama mmoja akaanza kuninyamazisha.

"Waacheni walie," Shangazi Vestine akasema. "Walichelewa."

Tulilia mpaka tukatosheka. Halafu nikafuta pua na pindo la kitenge.

"Baba, nitarudi naye. Lakini akinifanya mchezo tena, nitamwambia hapo hapo, hata kama ana maikrofoni."

"Uniambie," Kimenyi akasema. "Hata mbele ya batu."

Tulipanda basi la kurudi mjini, begi langu kwenye magoti yake. Lilipoanza kuteremka kuelekea Gisenyi na ziwa likaonekana, nilijua hapa ndipo huwa anaanza visa. Aliangalia nje tu. Nikafikiri labda amechoka.

"Gatesi."

"Mm."

"Ule wa kwanza. Ulikuwa umemuchagulia jina?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Si mama yangu, si Shangazi, si mchungaji.

"Keza," nikasema.

Alilirudia taratibu, kama mtu anayejifunza. "Keza. Na wa pili?"

"Igihozo."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu sikumpa. Niliogopa."

Basi lilisimama, watu wakaanza kushuka, kondakta anatuita. Kimenyi hakuinuka. Alinishika mkono, akafunga mdomo wake, akangoja nimtafutie mtoto wetu jina.