Skrubu Mbili za Ukurasa wa Tisa

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kuosha vyombo, Chiriku aliketi mezani kwa shangazi yake, fundi wa kutengeneza cherehani, akasoma ukurasa mmoja. Zamani shangazi alifanya kazi katika karakana ambako fundi mkuu alivuta pazia kila alipofungua mashine, wateja wasije wakajua kilichomo. Siri hizo zilimchosha. Aliacha kazi, akaanza kuandika kijitabu cha kumwezesha mtu yeyote kutengeneza cherehani yake mwenyewe.

Kazi ya Chiriku ilikuwa kusoma na kufuata maelezo bila kusaidiwa. Akikwama, shangazi aliuandika ukurasa upya.

Siku ya ukurasa wa tisa, wenzake walikuwa wakimwita dirishani. Ukurasa ulisema: "Kubadilisha sindano, legeza skrubu inayoishika." Kwenye cherehani iliyokuwa mezani Chiriku aliona skrubu mbili, moja chini, nyingine juu nyuma ya kifuniko. Hakujua ni ipi, na kuuliza aliona haya.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi. Rahisi tu!" Akatoka mbio.

Nakala thelathini za kurasa tisa za kwanza ziligawiwa mtaani. Wiki haikuisha, jirani yao mshonaji akaingia ameshika sindano iliyokatika.

"Nimefuata kitabu chako neno kwa neno," alisema. "Nimelegeza skrubu, chuma kinachobeba sindano kikaporomoka. Kukanyaga tu, kah! Keshokutwa kwaya inasafiri, na magauni sita hayana mikono. Waimbe wamejifunga shuka?"

"Skrubu ya juu au ya chini?" shangazi aliuliza.

"Ya juu. Kwani ziko mbili?"

Shangazi alikunja uso. "Ajabu. Ukurasa huo ulijaribiwa."

Chiriku alikuwa akimenya viazi. Angeweza kunyamaza, lawama ikabaki kwa kitabu. Akaweka kisu chini.

"Sikuelewa, shangazi. Nilikudanganya ili niwahi kucheza."

Shangazi hakugomba. Alimkabidhi bisibisi, wakaongozana kwa mshonaji. Akielekezwa, Chiriku alilegeza skrubu ya chini, akatia sindano mpya, kisha akapandisha chuma kidogo kidogo hadi sindano ilipoanza kunasa uzi wa chini. Akakaza skrubu ya juu. Mshonaji alikanyaga, na mshono ukatoka umenyooka.

"Kwaya imepona," alisema.

Kwa siku tatu Chiriku alipita nyumba kwa nyumba na kalamu, akichora skrubu zote mbili katika kila nakala na kutia alama kwenye ile ya kulegeza. Nyumbani kwa kinyozi alimkuta mzee huyo ameshafungua kifuniko cha cherehani yake.

"Ya chini, babu! Ya chini!"

Aliporudi, miguu ikimuuma, shangazi alimsogezea kiti.

"Mwanangu, mimi nimezoea mashine hizi, kwa hiyo sioni mahali ambapo mgeni hukwama. Wewe unapaona. Ukiniambia huelewi, umewaokoa watu thelathini. Ukijifanya unajua, wao ndio wanaovunjikiwa. Usinifiche tena."

"Sitakuficha, shangazi."

Ukurasa wa kumi uliandikwa upya mara nne.