Unga Usiopita Kitambaani

Kila Jumamosi asubuhi, watoto wengine wa mtaa ulio nyuma ya soko la Machakos wakiwa bado wanagombania uji, Hafso alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda, kinu kikiwa mbele yake. Kazi yake ilikuwa kutwanga majani makavu ya mkunazi. Majani hayo yaliletwa kwa magunia kutoka Garissa, na Wasomali huyaita qasil. Yakitwangwa na kuchanganywa na maji hutoa povu kama sabuni, nayo huondoa ngozi iliyokufa bila kuichubua iliyo hai. Nyanya yake, Waris, aliuza unga huo katika duka dogo lililonukia ubani.

Hafso alimwita nyanya yake Ayeeyo, kama Wasomali wamwitavyo nyanya. Ayeeyo alikuwa mpole katika mambo mengi, lakini kwa habari ya unga hakuwa na mzaha.

"Unga wa msichana upite chujio la chai," alizoea kusema. "Unga wa mama mzee upite chujio, halafu upite kitambaa."

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha mtandio wake wa zamani, chepesi hata ukikiinua juani unaona vidole vyako. Kuchekecha kwa kitambaa hicho kulichosha mikono na roho pia. Unga ulishuka kidogo kidogo, kwa maringo, kama bibi harusi anayetembezwa.

Mama mzee aliyekusudiwa zaidi ya wote alikuwa Kalondu. Mtaa mzima ulimwita Susu, maana ndivyo Wakamba wamwitavyo nyanya. Alisuka viondo vya katani kwenye baraza la duka la Ayeeyo, na wawili hao walikuwa marafiki tangu Hafso hajazaliwa. Susu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Macho yake yalikuwa yamefifia, miguu yake imekufa ganzi, na ngozi ya miguu hiyo ilikauka ikawa inabanduka vipande vyeupe. Kila Jumamosi Ayeeyo alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, akaipaka unga uliolowekwa, akaisugua polepole kwa kiganja, kisha akamalizia na mafuta ya simsim. Vidole vya Ayeeyo vilipoanza kukakamaa kwa baridi yabisi, kazi hiyo ikamwangukia Hafso.

Jumamosi moja wakati wa likizo ya Agosti, Ayeeyo alikwenda mji wa Matuu kumtazama mgonjwa. Huku nyuma, wasichana walikuwa wakicheza kati kiwanjani, wakikwepa mpira wa makaratasi. Wanza, rafiki yake Hafso, akachungulia mlangoni.

"Hafso, si utoke! Timu yetu iko na watu watatu pekee."

"Niko na kazi."

"Kwani unapikia harusi? Maliza haraka, bwana!"

Hafso akautazama unga, akakitazama kitambaa. Majani ya siku hiyo yalitoka chini kabisa ya gunia, mahali ambapo vijiti na mchanga hujikusanya. Akaupitisha unga kwenye chujio la chai mara moja tu, akautia kwenye kopo la Susu. Kitambaa kilibaki kimetundikwa msumarini. Nani angejua? Unga ni unga.

Alipofika kwa Susu barazani, alifanya kila kitu mbiombio. Hata maji hayakupata moto. Aliisugua miguu ile kama msichana anayesugua sufuria iliyoungua ugali.

"Polepole, mwana wakwa," Susu akasema, akimwita mwanangu kwa Kikamba. "Mbona leo kama kuna mchanga?"

"Hapana, Susu. Ni unga tu."

"Haya. Wewe ndiye uko na macho."

Na kweli macho alikuwa nayo, kwa sababu muda si muda aliona. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto, ngozi ilikuwa imechubuka na damu inatoka. Neno moja tu lingetosha. Lakini kiwanjani Wanza alikuwa akimwita tena, na neno lile lingeleta maswali, na maswali yangeleta habari ya kitambaa. Hafso akapangusa damu, akapaka mafuta mengi juu ya jeraha, akaishusha leso ya Susu mpaka vifundoni.

"Tayari, Susu."

"Mungu akubariki, mwana wakwa."

Baraka ile ilimchoma. Hata hivyo alicheza kati mpaka jua likatua, na timu yao ikashinda.

Susu hakukiona kidonda kwa kuwa macho yake yalikuwa dhaifu, wala hakukisikia sana kwa kuwa mguu ulikuwa na ganzi. Aliyekijua ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alinyamaza. Jumamosi iliyofuata Hafso alisingizia tumbo, na Ayeeyo, ambaye vidole vilikuwa vikimuuma, akaahirisha kazi. Susu aliendelea kusuka barazani, leso imemfunika miguu, nzi wakimzunguka. Hafso aliwaona nzi wale. Kila alipowaona alijiambia kwamba kesho angesema. Kesho ikafika, ikapita, ikafika nyingine.

Siku moja baraza likawa tupu. Peris, binti yake Susu aliyeuza mboga sokoni, alikuwa ameinua leso ya mama yake kwa sababu ya harufu. Mguu ulikuwa umevimba, na vidole vimegeuka vyeusi. Alimkimbiza hospitali siku hiyo hiyo.

Aliporudi alikuja moja kwa moja dukani, macho mekundu.

"Waris! Daktari amesema mguu utakatwa. Unasikia? Utakatwa! Ulimpaka mama yangu nini?"

Watu wakajaa mlangoni. Mutiso, fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti. "Mimi nilisema zamani! Hawa watu watatumaliza na madawa yao. Afunge duka arudi kwao!"

Kwao ni wapi? Ayeeyo alikuwa ameolewa Machakos, akazaa Machakos, na kaburi la mumewe liko Machakos. Lakini umati ukishakasirika haukumbuki makaburi. Mtu akaipiga meza teke ikavunjika, na ubani ukamwagika sakafuni.

Ayeeyo alichukua kopo la unga wa Susu, akachota kidogo, akaufikicha kati ya vidole vyake vilivyokakamaa. Akaacha kufikicha. Akamtazama Hafso mara moja tu, na Hafso akajua kwamba nyanya yake ameshaelewa yote.

"Peris," Ayeeyo akasema, "huu unga uko na mchanga. Duka ni langu. Kosa ni langu. Mnifanye mnavyotaka."

Hafso alikuwa amejibanza nyuma ya magunia. Angenyamaza, mambo yangeishia pale pale: duka lingefungwa, Ayeeyo angebeba lawama mpaka kaburini, na hakuna mtu angemgusa yeye. Aliogopa. Lakini kumwona Ayeeyo ameinamisha kichwa mbele ya Mutiso kulimshinda.

"Si yeye!" akapiga kelele. "Ni mimi! Ayeeyo alikuwa Matuu. Sikutumia kitambaa, nilitaka kwenda kucheza. Nilimsugua Susu kwa nguvu, akachubuka. Niliona damu nikaificha." Akameza mate. "Aliniuliza kama ni mchanga. Nikamwambia ni unga tu."

Mutiso akatazama viatu vyake mwenyewe. Peris akaketi juu ya gunia, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa kwikwi.

Kesho yake Ayeeyo alimshika Hafso mkono, wakaenda hospitali. Hakumgombeza njiani, na hilo lilikuwa zito kuliko kiboko. Mguu wa Susu ulikuwa umekwisha kukatwa chini ya goti. Muuguzi aliposikia kisa, akatikisa kichwa.

"Mngemleta siku ile ile, tungekiosha kidonda, tukakifunga, akapewa dawa. Pengine angeenda nyumbani akitembea."

Hafso akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza Susu kila kitu. Susu alikuwa amegeukia ukuta.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Susu."

"Nilikuuliza kama ni mchanga."

Akajifunika shuka mpaka kichwani.

Mvua za vuli zilinyesha, zikaisha. Susu alirudi barazani kwa magongo, akaendelea kusuka. Peris alikuwa amewaambia watu wa sokoni ukweli wote, na wateja wakarudi mmoja mmoja. Mutiso alikuja akaitengeneza meza ya duka bila kuombwa. Lakini mguu haukurudi. Hafso alichekecha unga kwa kitambaa kila Jumamosi, tena mara mbili, na hakuthubutu kumgusa mtu. Wanza alikoma kumwita.

Asubuhi moja Susu akaweka chini kiondo chake.

"Hafso. Leta maji."

Akaivuta leso, akaunyosha mguu wake wa kulia, ule mmoja uliobaki. Hafso akarudi nyuma hatua moja.

"Susu, ninaogopa."

"Uogope," akajibu Ayeeyo kutoka mlangoni. "Hiyo hofu itafanya mkono wako uwe mwepesi. Ngozi ya mzee ni kama utando wa ndani wa kitunguu, ukiukwaruza unakuja wote. Haisuguliwi, inabembelezwa. Lakini nisikilize, mjukuu wangu. Mchubuko peke yake haukumkata Susu mguu. Mchubuko unaoshwa, unapona. Kilichomkata mguu ni zile siku ulizonyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe ulificha maradhi ya mwenzako, na kilio kikawa chake. Siku nyingine ukikosea, sema kabla jua halijatua, hata kama utapigwa."

"Nimesikia, Ayeeyo."

Hafso akayajaribu maji kwa kiwiko mpaka yakawa ya uvuguvugu. Akachota unga. Lakini kabla ya kuulowesha, akaushika mkono wa Susu, akamwekea unga mkavu kiganjani.

"Upime mwenyewe, Susu."

Susu akaufikicha unga kati ya vidole vyake. Aliufikicha kwa muda mrefu, macho yake mafifu yakitazama vilima vya Iveti asivyoviona. Kisha akakung'uta kiganja.

"Hakuna mchanga," akasema. "Endelea. Polepole."