Tundu la Bafuni, Ghorofa ya Tisa

Bupe alipomwaga maji ya moto aliyochemshia nepi, tundu la bafuni lililia. Kilikuwa kilio cha kichanga, kikakatika ghafla. Ikapanda harufu ya ngozi iliyoungua, iliyochanganyika na utumbo wa kuku usiooshwa, akatapika palepale.

Mumewe, Leodegar, hakutaka kusikia. Ndiyo kwanza wamehama Tabata kuja Kariakoo, na sifa za ghorofa alikuwa nazo mdomoni kila saa: kazini anakwenda kwa miguu, maji hayakatiki, mbu hawafiki huku juu, tope hakuna. Bupe akamjibu kwamba hakuna ua, lifti inanuka vikwapa vya watu, na majirani hata salamu wanaionea uvivu. Walibishana hivyo mpaka wakachoka.

Jirani mmoja tu ndiye aliyekuwa mtu wa watu, Bi Zubeida wa mlango wa pili. Alipoitwa aje anuse, aliziba pua kwa mtandio, akauliza kama Bupe aliomba njia kabla ya kumwaga.

"Niombe njia kwa nani, mama?"

"Maji ya moto unamtaja Mungu kwanza, majini wa humo tunduni wapishe. Umemuunguza mtoto wa mtu, mwanangu. Kafa. Na mama yake maziwa bado anayo."

Bupe ni mtu wa bara, wa Tukuyu. Kwao hakuna aliyemfundisha hayo.

Tangu hapo Hope, binti yao wa miezi saba, akakataa ziwa. Ajabu, hakukonda, alinenepa, mashavu yanang'aa mafuta. Mchana mmoja Bupe alitoka kuanua nguo kibarazani, aliporudi mkeka ulikuwa mtupu, akaifuata ile harufu iliyozidi kila alipopiga hatua, mpaka bafuni, ambako Hope alikuwa amelala kifudifudi kwenye vigae, mdomo umegandamana na tundu, anafyonza, na kooni mwake kinashuka kitu kizito cha kijivu chenye vinywele, huku kule chini kwenye bomba mtu akimbembeleza kwa sauti ya upole kabisa. Kinyaa kitupu.

Siku hiyohiyo walirudi Tabata. Bupe alifurahi kukanyaga tope, akafurahi hata kuumwa na mbu.

Lakini Hope alikataa ziwa, akakataa chupa, uji akautema. Hospitali hawakuona ugonjwa. Sheikh aliyeletwa na Bi Zubeida alisoma mpaka sauti ikamkauka, akaondoka bila kuaga. Mashavu ya mtoto yakabonyea, kilio kikabaki pumzi tu.

"Kule angalau anakula," Leodegar alisema chinichini, bila kumtazama mkewe.

Bupe alichukua mbeleko. Alimbeba mwanawe, wakarudi Kariakoo, wakapanda lifti. Bafuni alimlaza taratibu kwenye vigae, akaziba pua, akageukia ukutani. Nyuma yake mtoto akaanza kumeza.