Mtoto wa Figo Moja

Marsela alikuwa anapukuchua mahindi nje ya nyumba yao katika kijiji cha Daa, Karatu, mtoto wake Yohani mgongoni. Mama mkwe wake, Katarina, alisimama tu akimwangalia. Tangu hospitali ionyeshe kwamba Yohani alizaliwa na figo moja, bibi huyo alikuwa na wimbo mmoja.

"Ulikula figo ya mbuzi ukiwa na mimba. Nyama ya wanaume! Kanisani nimeshawaambia wote. Kesho urudi kwenu, mtoto umwache."

"Nilionja kipande tu, mama. Hamu ya mimba unaijua."

"Hamu gani? Ulafi!"

Mume wa Marsela, Qamara, aliinamia jembe lake akilinoa. Kulima na ng'ombe hakuna aliyemweza, lakini mbele ya mama yake alikuwa kondoo. Wanawake wangapi wa Karatu walifukuzwa hivyo! Na nani aliwaomba radhi?

Marsela hakufungasha. "Twende sote kwa nesi. Akisema kosa ni langu, nitaondoka mwenyewe."

Kwenye zahanati, Nesi Cresensia aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Figo huanza kuumbwa mapema sana," alisema. "Wengine hata hawajajua kama wana mimba. Mbegu ya baba na yai la mama hubeba maagizo madogo yasiyoonekana. Kuna linaloamsha chipukizi la figo, kuna linaloliambia likue. Agizo likiwa na hitilafu, figo ya upande mmoja inaweza isiote. Chakula kinaingia hapo wapi?"

"Kwa hiyo ni maagizo ya huyu!" Katarina alimnyooshea kidole Marsela.

"Au ya baba. Au yameharibika yenyewe tu, wataalamu bado wanachunguza. Qamara, nenda hospitali ukapigwe picha ya tumbo, ile ya ultrasaundi."

"Mimi? Mimi siumwi!"

"Na Yohani haumwi. Nenda."

Picha ikatoka. Qamara, mkulima hodari, alikuwa na figo moja tangu kuzaliwa.

Marsela alimgeukia mama mkwe. "Mama, wewe ulikula nini?"

Katarina aliivuta picha karibu na macho, akaitazama tena.

"Hakuna mwenye kosa," alisema nesi. "Figo moja inatosha, ila itunzwe. Mtoto anywe maji safi ya kutosha. Akipata homa au maumivu ya kukojoa, mleteni siku hiyo hiyo. Dawa za mizizi msimpe."

Njiani Katarina alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Lakini ulinisema mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Jumapili, baada ya misa, Katarina alisimama nje ya kanisa. "Nilimsingizia mkwe wangu. Figo moja imetoka kwa mwanangu, na si kosa lake wala la yeyote."

Qamara naye akapaza sauti, "Ndiyo, ninayo moja! Anayenicheka tukutane shambani!"

Watu wakaangua kicheko. Yohani akaendelea kukua, mnene, mwenye kelele. Na mwaka ule ule mwanamke jirani alipoanza kusemwa kwa sababu mtoto wake alizaliwa na mdomo uliopasuka, Marsela hakungoja kuitwa. Alimshika mkono, akampeleka kwa nesi, pamoja na mume wa mwanamke huyo.